Detekta inalia hapa, kitu kiko pale: kutatua matatizo ya kulenga

Umesikia mlio safi wa detekta yako ya metali, umebonyeza kitufe cha kulenga (kile cha kupata nukta kamili kitu kilipo), umetia alama, umechimba, na kitu hakipo. Kipo sentimita 10 pembeni, na huenda sepetu imeshakikwaruza. Wengi wakifika hapo huilaumu mashine. Mimi huuliza kwanza: kosa limekwenda upande gani?

Swali hilo linaokoa muda mwingi. Ikiwa kila mara kitu kinapatikana upande uleule wa alama, tuseme daima mbele yake au daima kushoto, chanzo ni koili (ile sahani iliyo mwisho wa fimbo) au namna unavyoishika na kuipitisha. Ikiwa kosa halina mpangilio, mara huku mara kule, shuku kitu chenyewe na vile vilivyolala karibu nacho. Na ikiwa mashine inalenga vizuri mahali pamoja lakini inapotea mahali pengine, au inalia pasipo na chochote, basi ni udongo, umeme wa jirani, au vyuma ulivyovaa mwenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kugusa mpangilio wowote, chimba vitu vichache na kila mara angalia kitu kilikuwa wapi ukilinganisha na alama. Usikivute tu ukaondoka.

Kitu kiko mbele au nyuma ya alama kila mara

Hujui jicho la koili yako liko wapi. Namaanisha ile sehemu ambayo kitu kikiwa chini yake mlio unafikia kilele. Watu hudhani ni katikati ya plastiki tunayoiona. Mara nyingi ni hivyo, lakini si kwa kila koili.

Ndani ya koili kuna nyaya mbili zilizozungushwa: moja inatuma uga wa sumaku, nyingine inapokea. Katika koili za kitovu kimoja, mzunguko mdogo uko ndani ya mkubwa na uga unashuka kama koni iliyogeuzwa, kwa hiyo kilele kiko katikati. Katika koili za DD, mizunguko miwili yenye umbo la herufi D imepandana katikati, na eneo lenye nguvu ni ukanda mwembamba unaoanzia puani mwa koili, yaani ncha ya mbele, hadi kisiginoni, yaani nyuma. Ukipitisha koili ya DD kushoto na kulia, unajua vizuri kitu kiko kwenye mstari gani, lakini hujui kiko mbele au nyuma kwenye mstari huo. Ndiyo maana wenye DD hukosea zaidi kwa mbele na nyuma kuliko kwa kushoto na kulia. Hilo ni umbo la uga wake, mashine haina ubovu.

Jaribio lake ni rahisi. Tafuta sehemu ya ardhi isiyo na metali (ipime kwanza, na usitumie sakafu ya zege kwa sababu ya nondo zilizomo). Weka sarafu juu ya ardhi. Inua koili sentimita 10 hadi 15, bonyeza kitufe cha kulenga ukiwa pembeni, kisha isogeze polepole mpaka mlio ufike juu kabisa. Tazama sarafu iko chini ya sehemu gani ya koili. Rudia ukitokea mbele, nyuma, kushoto na kulia. Ukishaipata sehemu hiyo, bandika kipande cha utepe wa rangi juu ya koili. Kuanzia hapo, lenga kwa utepe, achana na katikati ya plastiki.

Ikiwa umeshafanya hivyo na kosa la mbele na nyuma bado lipo, tazama mwinamo wa koili. Uga unaelekea kule koili inakotazama. Ukinyoosha mkono kwenda mbali, fimbo ya detekta inalala na pua ya koili inanyanyuka, kwa hiyo koili inatazama mbele na kitu kitakuwa mbele ya alama yako. Ukiivuta karibu na miguu, kisigino ndicho kinachonyanyuka, na kitu kitakuwa karibu na wewe kuliko ulivyodhani. Kwa mwinamo wa nyuzi 15 tu na kitu kilicho kina cha sentimita 20, unakosea kwa takriban sentimita 5, na hiyo inatosha kukata ukingo wa sarafu. Dawa yake ni kusogeza miguu badala ya mkono. Unapolenga, mkono ubaki katika umbali uleule uliokuwa nao ulipokuwa unatafuta.

Kitu kiko upande wa kushoto au kulia, kulingana na mkono ulivyokuwa unakwenda

Dalili hii hutokea unapolenga kwa mlio wa kawaida, ule wa hali ya kuchuja, ambapo mashine hutenganisha chuma na metali nyingine, bila kutumia kitufe. Katika hali hiyo mashine inahitaji koili iwe inatembea, na inahitaji muda mfupi wa kuchambua ishara kabla ya kutoa sauti. Koili ikienda mita 1 kwa sekunde na sauti ikachelewa kwa sehemu moja ya ishirini ya sekunde, koili imeshapita kitu kwa sentimita 5 unaposikia mlio.

Ukipitisha kutoka kushoto kwenda kulia, mlio unaangukia kulia kwa kitu. Ukirudi, unaangukia kushoto. Basi sikiliza pande zote mbili, na ukweli uko katikati yake. Fupisha mapito yako kadiri unavyokaribia, upana wa koili moja unatosha, na punguza mwendo. Kama mashine yako ina mpangilio wa kasi ya kurejea baada ya mlio, kuiongeza kunapunguza uchelewaji, ingawa kwa baadhi ya mashine unapoteza kina kidogo.

Baada ya hapo zunguka nyuzi 90 kwa miguu yako na urudie. Mistari miwili ikikatana unapata msalaba, na kitu kiko kwenye makutano. Njia hii ni ya zamani na bado sijaona iliyo bora kwa mashine zisizo na kitufe cha kulenga. Kosa la kawaida ni kuzungusha mkono tu bila kusogeza mwili; mistari haikatani kwa nyuzi 90, inakatana kwa pembe nyembamba, na makutano ya mistari iliyokaribiana hayana uhakika.

Mlio ni mpana, hauna katikati

Unabonyeza kitufe na mashine inalia eneo lote la ukubwa wa sinia. Ama kitu ni kikubwa, ama kiko juu sana, ama vyote viwili.

Hapa inafaa kuelewa jinsi nguvu ya ishara inavyoshuka. Uga unaotoka kwenye koili unadhoofika haraka unapokwenda mbali, na mwitikio wa kitu nao unadhoofika vivyo hivyo ukirudi. Kwa kitu kidogo kilicho mbali kuliko upana wa koili, ishara inashuka kwa karibu kipeo cha sita cha umbali: umbali ukiongezeka mara 2, ishara inabaki kama sehemu moja ya 64. Maana yake kwa mchimbaji ni kwamba sentimita chache za kuinua koili zina nguvu kubwa. Inua koili polepole juu ya mlio mpana. Sarafu iliyo juujuu itabana haraka, ukingo wa mlio utakufa na kubaki kilele kidogo, na hicho ndicho unachokitaka. Ukifika kimo cha goti na mashine bado inaunguruma, hiyo si sarafu. Ni bati, kopo, kipande cha injini, au bomba.

Kabla ya kuchimba kitu kikubwa, fuata mlio hadi unapoishia. Ukiwa mrefu na mwembamba, unaendelea hatua kwa hatua bila kukatika, chukulia kuwa ni bomba au kebo ya umeme mpaka ujue vinginevyo. Usitie sepetu.

Njia ya pili ni kuifinya mashine. Sogea hadi ukingo wa mlio, mahali unaposikia sauti ya wastani, achia kitufe kisha ubonyeze tena hapohapo. Mashine nyingi huchukua kiwango hicho kama sifuri mpya, na sasa italia tu pale palipo na nguvu zaidi. Rudia mara moja au mbili na eneo la sinia linakuwa eneo la kifuniko cha chupa. Ukizidisha, unaua mlio kabisa. Kwa sababu hiyohiyo, anayebonyeza kitufe koili ikiwa juu ya kitu hujikuta hasikii chochote, akadhani kitu kimeyeyuka. Amekihesabu kitu kuwa sifuri. Achia, sogea pembeni, bonyeza upya.

Njia ya tatu ni ya wenye DD, na binafsi naipendelea kuliko kitufe. Weka kitu kwenye mstari wa katikati, tikisa koili kushoto na kulia kwa mapito mafupi sana, huku unaivuta taratibu kuelekea kwako. Mlio unaendelea, unaendelea, kisha unakatika ghafla. Hapo kitu kiko puani mwa koili, mbele kidogo tu ya ncha. Faida yake ni kwamba unaendelea kusikia mlio wa kuchuja, kwa hiyo misumari ya jirani haiingilii sana. Ijaribu juu ya sarafu inayoonekana kwanza, uzoee kujua ncha ya koili yako inakatika umbali gani.

Milio miwili kwa kitu kimoja

Kama koili iko karibu mno na kitu kilicho juujuu, kila ukingo wa waya ndani yake unakigusa kwa zamu na unasikia mara mbili au tatu. Inua sentimita chache. Ukibaki mlio mmoja, umemaliza.

Ikiwa bado ni miwili, fikiria kitu kilichosimama wima. Sarafu iliyolala inakabili uga kwa uso wake wote. Iliyosimama kwa ukingo haipati kitu koili ikiwa juu yake moja kwa moja, kwa sababu uga wa katikati unashuka wima na kupita kando ya uso wake. Koili ikiwa pembeni, uga umelala kidogo, unaupiga uso, na mashine inalia. Unapata kilele kushoto na kilele kulia, na katikati kimya au udhaifu. Wengi huchimba kwenye kilele chenye sauti kubwa na wanakosa. Chimba katikati ya vilele viwili. Uthibitisho: zunguka nyuzi 90, na muundo utabadilika kuwa mlio mmoja dhaifu.

Msumari nao hutoa milio miwili ukipitisha koili kwa urefu wake, mmoja kila mwisho, na mmoja tu ukipitisha kwa kuukata. Je, utautofautishaje na sarafu iliyosimama? Kwa namba ya utambuzi kwenye skrini na kwa sauti. Msumari huwa unaguna kwa sauti ya chini upande mmoja na kutoa mlio mkali wa udanganyifu kwenye ncha. Sarafu hutoa sauti ya aina moja pande zote, ingawa hafifu. Si kanuni ya uhakika, lakini inatosha kukuambia shimo lipi lianze.

Mlio mzuri uko hapa, kitufe kinaonyesha pale

Kati ya dalili zote, hii ndiyo yenye habari nyingi zaidi, na watu huipuuza.

Kwa mashine nyingi, kitufe cha kulenga kinazima uchujaji. Kinasikia metali zote bila ubaguzi na kinakuelekeza kwenye nguvu kubwa ya jumla. Mlio wa kuchuja unakuambia kitu cha aina gani kinasikika. Viwili hivi visipokubaliana, kuna maelezo mawili tu ya kawaida.

La kwanza: hakuna kitu kizuri. Ni chuma, na ule mlio mkali ulitoka kwenye ncha ya msumari au ukingo wa kipande cha bati. Lenga kwa kitufe, kisha pitisha koili katika hali ya kuchuja juu ya mahali hapohapo. Ikiwa mlio mkali unahama sentimita kadhaa kutoka kwenye nukta ya kitufe, na ukizunguka nyuzi 90 unatoweka au unahamia upande mwingine, ni chuma karibu kila mara.

La pili: viko viwili, kizuri na kibaya, na kitufe kimevutwa na kikubwa. Mlio mkali hauhami; ukizunguka unabaki mahali pamoja, hata kama unakatikakatika. Hapo amini mlio wa kuchuja, tumia njia ya kutikisa na kuvuta, au badilisha koili. Koili ndogo ya sentimita 15 hivi inaweza kuona vitu viwili pale ambapo ya sentimita 28 inaona kimoja kizito cha katikati ambacho hakipo. Katika maeneo yenye takataka nyingi za chuma, mtu mwenye koili ndogo huwashinda wenye mashine za bei kubwa.

Tatizo hili lina umri sawa na kifaa chenyewe. Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi Julai 2, 1881, na madaktari wakashindwa kujua risasi imekaa wapi mwilini. Alexander Graham Bell akaleta kifaa chake cha kutambua metali kwa sumaku-umeme na kukijaribu juu ya mgonjwa. Kililia lakini hakikuonyesha mahali. Godoro alilolalia rais lilikuwa na springi za chuma, na daktari mkuu alimruhusu Bell apime upande wa kulia, ambako yeye aliamini risasi ipo. Garfield alifariki Septemba 19 mwaka huo. Mwili ulipochunguzwa, risasi ilikuwa upande wa kushoto. Vyuma vya jirani na dhana ya awali kuhusu mahali pa kutafuta: makosa hayo mawili bado ndiyo yanayoleta mashimo matupu.

Kitufe kinalia chenyewe, au mlio unapanda na kushuka bila kitu

Udongo mwekundu wenye oksidi nyingi za chuma, mchanga mweusi wenye magnetaiti, na mchanga uliolowa maji ya chumvi, vyote vinajibu uga wa koili. Katika hali ya kuchuja mashine huondoa sehemu kubwa ya jibu hilo kwa sababu udongo unabadilika taratibu huku kitu kikija ghafla. Katika hali ya kulenga, ambapo koili inaweza kusimama tuli, ulinzi huo haupo. Kila koili inaposogea karibu na ardhi, udongo wenyewe unalia.

Kwa hiyo usibonyeze kitufe koili ikiwa hewani kisha ukaishusha. Iweke kwanza kwenye kimo utakachotumia, pembeni mwa kitu, ndipo ubonyeze, na ulinde kimo hicho. Mikunjo ya ardhi, nyayo na visiki vinakubadilishia kimo bila wewe kujua. Sawazisha udongo upya (yaani irekebishe mashine ipuuze udongo wa hapo) unapohama kutoka udongo wa rangi moja kwenda mwingine, hata kama ni hatua ishirini tu. Ukishika kitufe kwa muda mrefu mlio huanza kutambaa, hasa jua linapoipasha moto koili. Achia na ubonyeze tena kila baada ya mapito machache.

Mlio unaodunda kwa mpigo hata koili ikiwa imeinuliwa juu, mbali na ardhi, ni umeme wa nje: nyaya za umeme, uzio wa umeme, simu mfukoni, au detekta ya mwenzako. Punguza usikivu, badilisha masafa kama mashine inaruhusu, mwambie mwenzako asogee. Mlio unaokuja ukigusa fimbo ni waya wa koili ulioning'inia. Uzungushe imara kwenye fimbo, ukiacha nafasi kidogo tu karibu na koili ili iweze kupinda. Fungua pia kifuniko cha chini cha koili. Mchanga mweusi ukijikusanya humo, unatembea na koili popote uendapo.

Kisha jitazame mwenyewe. Buti zenye kinga ya chuma vidoleni huvuta kilele kuelekea kwako kila unapoivuta koili karibu. Sepetu iliyolazwa nusu mita kutoka kwenye shimo hufanya vivyo hivyo. Bangili na pete za mkono unaofukua huiita detekta ndogo ya mkononi, ile ya kutafutia ndani ya shimo.

Kwenye mteremko kila shimo linakosa kwa upande mmoja

Koili imelala sambamba na mteremko, kama inavyopaswa. Inatazama kwa pembemraba ndani ya mlima. Wewe unachimba wima. Kwa mteremko wa nyuzi 20 na kitu kilicho sentimita 20 ndani, shimo lako la wima linapita pembeni mwa kitu kwa karibu sentimita 7, na kitu kiko kwenye ukuta wa upande wa juu wa mteremko. Chimba kwa pembe ileile ya koili.

Kina kinachoonyeshwa si kweli

Kipimo cha kina kimepangwa kwa kitu cha ukubwa wa sarafu ya wastani. Kitu kikubwa kinaonekana kiko juu zaidi ya kilipo, kidogo kinaonekana kiko chini zaidi. Kitumie kulinganisha, usikitumie kuamua urefu wa kusukuma sepetu.

Shimo limekuwa bubu

Ulilenga vizuri, mlio ulikuwa imara, umechimba, sasa kimya. Kwanza pitisha koili juu ya udongo uliotoa. Katika visa vingi kitu kiko humo. Gawanya lundo mara mbili, pitisha mkono wenye udongo mbele ya koili, endelea kugawanya.

Ikiwa lundo nalo liko kimya, kitu kimegeuka. Kilikuwa kimelala, sepetu imekisukuma, kimesimama kwa ukingo kwenye ukuta au kimeteremka chini kwenye udongo uliolegea. Sarafu iliyokuwa inasikika vizuri sentimita 20 chini inaweza kupotea ikisimama. Panua shimo, usilichimbe chini zaidi kwanza. Koroga udongo wa chini kwa mkono uliovaa glovu na upime tena.

Uwezekano mwingine ni kutu. Chuma kilichokaa ardhini miaka mingi huachia oksidi kwenye udongo unaokizunguka, na mashine husikia chuma pamoja na eneo hilo kama kitu kimoja kikubwa. Ukilivuruga, ishara inasambaratika. Unabaki na udongo wa rangi ya kahawia na kipande cha kutu kisichofanana na kelele iliyokileta.

Kuna wakati shimo halipaswi kuendelea. Ukifunua kitu cha chuma chenye umbo la silinda na ncha, chenye mapezi, au cha duara chenye kifuniko cha shinikizo, acha: huenda ni bomu. Usikiguse, usikivute kwa kamba, usikifukie kwa nguvu. Weka alama inayoonekana, rudi kwa njia uliyojia, na toa taarifa polisi au jeshini. Na kama unalochimba ni eneo la kale, kibali cha mwenye ardhi hakitoshi. Nchi nyingi zina sheria za mambo ya kale zinazohitaji kibali cha serikali.

Detekta ndogo ya mkononi haioni, au inaona kila kitu

Hizi hujisawazisha zinapowashwa. Ukiiwasha ikiwa imegusa udongo mwekundu au ndani ya shimo, inachukua hali hiyo kuwa kawaida na usikivu unashuka. Iwashe hewani, mbali na sepetu na koili. Kinyume chake ni ujanja: ikilia eneo lote la ukuta wa shimo, izime na uiwashe tena ikiwa karibu na kitu, nayo itabana eneo lake kama kitufe cha kulenga.

Inaona sentimita chache tu, si zaidi. Basi kama haisikii kitu chini ya shimo ambalo detekta kubwa inalilia, si hitilafu. Toa udongo zaidi. Kwa nyingi, ubavu nao unahisi, kwa hiyo izungushe ukutani kwa ubavu wake kwanza, kisha tumia ncha kupata nukta. Zikiwaka zote mbili karibukaribu zinaweza kuingiliana, na mojawapo ikaanza kulia ovyo. Iweke kubwa chini mbali kidogo, au uizime.

Kama mashine yako ni ya mapigo

Detekta za mapigo, zinazotuma uga kwa mapigo mafupi, zile zinazopendwa na watafuta dhahabu kwenye udongo mgumu, kwa kawaida hazina kitufe cha kulenga. Msalaba unatosha kwa vitu vya chini. Tatizo huja kwa punje ndogo zilizo juujuu ukiwa na koili ya mono, yenye mzunguko mmoja unaotuma na kupokea: nguvu kubwa iko karibu na waya wa ukingoni, si katikati, kwa hiyo punje inalia mara mbili, kila ukingo unapoipita, na katikati panakuwa dhaifu. Simamisha koili kwa ukingo wake na uipitishe kama kisu. Ukingo huo una eneo jembamba, na pale unapolia zaidi ndipo pa kukwangua. Ukikwangua sentimita 2 za udongo na mlio ukahama, sogeza udongo huo kwenye bakuli la plastiki na uupitishe juu ya koili, ukigawa nusu kwa nusu hadi ibaki konzi moja.